Shajara ya kabati la fataki

9 Machi 2024

Leo nimeshusha mzigo wa mwisho kutoka kwa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu hapa Ohio. Mzee alifariki Januari. Mjane wake ameniomba nichukue kila kitu cha kujazia risasi, kwa sababu watoto hawajui kazi hiyo na yeye hataki kuviona vikikaa pale. Nimepata mashine ya mkono ya kufunga mezani, mizani, ndoo mbili za maganda ya shaba, makopo ya baruti, na fataki, vile vikombe vidogo vinavyoiwasha baruti. Fataki nyingi mno.

Mzee huyo ndiye aliyenifundisha. Ohio ilianza mwaka 2014 kuruhusu uwindaji wa kulungu kwa bunduki za ganda lililonyooka, yaani lisilobanwa shingoni, na yeye alikuwa na moja ya .45-70, ya kuweka risasi moja moja, ya ganda ambalo limekuwepo tangu 1873. Risasi zake dukani ni ghali, kwa hiyo alizijaza mwenyewe: anaokota ganda lililokwishapigwa, anatoa fataki iliyokufa, anaweka mpya, anapima baruti, anafunga kichwa, yaani ile sehemu inayoruka. Nilikaa naye jioni nyingi za baridi nikimtazama.

Nitasema fataki katika shajara hii yote, kwa sababu ndivyo babu yangu alivyoviita vile vikofia vya gobore lake, na kazi ni ileile. Najua Tanzania neno hilo limepata pia maana ya mtu mzima anayewafuata wasichana wa shule. Hapa ni ile maana ya zamani.

Jambo moja mapema kwa wasomaji walioko nyumbani: hapa raia anaruhusiwa kujaza risasi zake mwenyewe. Kwetu kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai. Ninayoyaandika ni ya utunzaji.

10 Machi

Kazi ya leo ilikuwa kuhesabu tu, kabla hata ya kufikiria ziwekwe wapi. Sheria ya zimamoto inayofuatwa sana Marekani, NFPA 495, inaweka ukomo wa fataki 10,000 kwa nyumba ya kuishi, na sikujua kama nimeuvuka.

Fataki huuzwa kwa boksi la 100, na maboksi kumi hufanya 1,000 ambazo watu wa kazi hii huziita tofali. Za mzee: matofali matatu ya Winchester, tofali moja la CCI (hayo ni majina ya watengenezaji) na maboksi saba yaliyobaki ya lingine, na maboksi manne ya zamani ambayo trei zake ni za mbao. Jumla 5,100. Zangu mwenyewe ni 1,900. Zikiunganishwa ni 7,000. Kuna pia mkebe wa bati wa vikofia vya bunduki ya kushindilia, CCI namba 11.

Zilikotoka ni muhimu kuliko idadi yake, kwa hiyo nimeandika kwenye kila boksi kwa penseli. Winchester zilikuwa chini ya nyumba, yaani kwenye chumba cha chini ya ardhi, ndani ya sanduku la mbao, juu ya rafu. Za CCI zilikuwa gereji, juu kabisa karibu na paa, mahali ambapo Julai mtu hawezi kukaa dakika tano. Zile za trei za mbao zilikuwa kwenye droo ya meza ya kazi, ndani ya nyumba. Na boksi moja la Winchester lilikuwa limeanguka nyuma ya rafu, sakafuni, na sakafu ile iliwahi kuingia maji. Chini yake karatasi imekuwa kahawia na imevimba.

12 Machi

Mama mjane amenipigia simu: kuna chupa nimeisahau, iko nyuma ya makopo ya rangi.

Nimekwenda. Ni chupa ya kioo ya jemu, kifuniko cha bati, imejaa hadi zaidi ya nusu. Ndani yake fataki zilizomwagwa ovyo, ndogo na kubwa, za rangi ya shaba na za rangi ya fedha, nyingine zimelala kifudifudi, nyingine zinatazama juu. Chini kabisa, penye duara la kioo, kuna vumbi jembamba la kijivu. Hilo vumbi ndilo lililonisimamisha. Sikuigusa. Nimezima redio iliyokuwa ikipiga mezani, nimemwomba mama atoke nje nami, na nimefunga mlango.

Nieleze kwa nini. Fataki moja ni kitu kidogo sana. Kubwa ina upana wa milimita 5.3, ndogo 4.45. Ukiiweka kiganjani chini ya taa unaona kikombe cha shaba, ndani yake kitone cha dawa iliyokauka kilichofunikwa na utando mwembamba, na juu yake fuawe dogo la miguu mitatu, kama jiko la mafiga. Pini ya bunduki ikigonga mgongo wa kikombe, dawa inabanwa kati ya kikombe na fuawe, inawaka, na mwali unapita tundu la ganda kuifikia baruti. Baruti ya kisasa isiyo na moshi ikiwaka mahali pa wazi inaungua kama petroli iliyomwagwa chini. Dawa ya fataki haiungui hivyo, inapasuka. Kiwandani huziweka kwenye trei kila moja na shimo lake, ili moja ikipasuka isiamshe jirani zake. Ukizimwaga chupani umeondoa kuta zote. Moja ikiamka, zote zinaamka kwa pamoja, na kioo kinakuwa vipande vya kuruka.

Nadhani mzee aliziokota moja moja miaka na miaka, zile zilizodondoka mezani, akaona ni dhambi kuzitupa. Alikuwa mtu mwangalifu kwa kila kitu kingine. Inaniuma kuandika hivi juu yake, lakini chupa ile ilikaa miaka mingi hatua chache kutoka kitandani kwa mkewe.

Nimempigia mke wangu kumweleza kwa nini nachelewa. Amesema, "Baba watoto, hiyo chupa isiingie hata kwenye gari letu."

13 Machi

Ofisi ya kwanza niliyoipigia simu leo asubuhi imenishauri nimimine mafuta ndani ya chupa, niiache usiku mmoja, kisha niitupe kwenye pipa la taka. Nimeshangaa, nikamwuliza aliyenijibu mara mbili kama nimemsikia vizuri.

Ushauri huo ni wa hatari na unazunguka sana, kwa hiyo nauandika hapa kwa kirefu. Dawa ya fataki huchanganywa na kupakwa ikiwa mbichi, yaani imeloa maji, kwa sababu ikiwa mbichi imetulia. Ikikauka ndipo inakuwa kali. Maana yake maji yanailaza usingizi tu, na nyingi zikikauka zinaamka tena. Mafuta nayo hupenya kwenye baadhi na kuziacha nyingine, kwa kuwa ule utando wa juu uliwekwa mahususi kuzuia vitu kama hivyo. Mtu akitupa chupa ile kwenye pipa, inafika kwenye lori la taka, na lori la taka hapa lina shindilio la chuma. Nyuma ya lori lile anasimama kijana wa watu.

Ofisi ya pili imeelewa mara moja. Wamekuja watu wawili mchana, wameuliza maswali manne (kuna vumbi? imetikiswa? kifuniko ni cha skrubu? nani mwingine yupo nyumbani?), wameingia na chombo chao, wametoka. Hawakumaliza robo saa. Yule mkubwa kati yao aliniambia ukweli mmoja ambao sikuufikiria: kufungua kifuniko cha skrubu ndilo jambo baya kuliko yote, kwa sababu vumbi linaweza kuwa limeingia kwenye mizunguko ya skrubu na ukilisaga linawaka.

14 Machi

Sikulala vizuri. Mimi ni mtoto wa Mbagala. Jumatano ya 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka pale kwetu, na watu zaidi ya 20 wakafa. Nilikuwa nimebeba dumu la maji. Sikumbuki nililiweka wapi. Nakumbuka kina mama wakikimbia kuelekea barabara ya Kilwa bila viatu, na watoto waliopotezana na wazazi wao. Kisha usiku wa 16 Februari 2011 ikawa Gongo la Mboto, na maelfu ya watu wakahifadhiwa Uwanja wa Uhuru. Baada ya hapo hata wauza genge mtaani walizungumza habari za muda wa kutumika wa mabomu na namna ya kuyahifadhi, maneno ambayo kabla ya siku hizo hakuna aliyeyajali.

Fataki 7,000 hazifanani na ghala la jeshi. Lakini nina watoto wawili na majirani kila upande, na nimeamua kwamba hakuna kitakachofunguliwa wala kutumika mpaka kabati liwe tayari. Kwa sasa maboksi yote yako kwenye chumba kidogo cha nguo, yamefungiwa, mbali na jiko la kupashia nyumba joto.

24 Machi

Nimetumia wiki nzima kusoma na kuwauliza wazee wa uwanja wa shabaha swali moja: fataki inakaa miaka mingapi?

Boksi halina tarehe ya mwisho. Nimeyageuza yote. Kuna jina, ukubwa, maonyo, na namba ya toleo, basi. Dawa inayotumika leo, stifineti ya risasi (risasi kwa maana ya yale madini), ni imara sana ikikaa mahali pakavu penye joto la kawaida la nyumba. Wazee wawili wameniambia wanatumia fataki walizonunua wakiwa vijana. Sikuwa na sababu ya kutowaamini, ila nimetaka kuona mwenyewe.

Zamani haikuwa hivi. Fataki za karne ya 19 zilitumia fulmineti ya zebaki, ambayo ilipungua nguvu kadiri inavyokaa, na zebaki yake ilikula shaba ya ganda mpaka ikawa inapasuka kama ganda la yai. Zikaja za kloreti ya potasiamu. Hizi zilidumu, lakini zikiwaka ziliacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi ikavuta unyevu, na bunduki isiyooshwa kwa maji ya moto siku hiyohiyo ikaota kutu. Jeshi la Marekani liliendelea nazo hadi miaka ya mwanzo ya 1950. Mzee alikuwa akiosha bunduki yake kwa maji ya moto hadi mwisho ingawa fataki zake hazikuhitaji hivyo. Alisema baba yake alifanya hivyo.

Kinachoua fataki ya leo ni joto, unyevu, na mafuta. Joto ndilo wengi hawalijali. Ndani ya dawa ile kuna kiasi kidogo cha tetrazini, ambacho kazi yake ni kuifanya dawa iwe nyepesi kuwaka inapogongwa, na tetrazini ndiyo ya kwanza kuharibika kwa joto. Haihitaji moto. Dari la bati, buti la gari lililoegeshwa juani, kiangazi baada ya kiangazi, vinatosha kuanza kuila. Fataki iliyopikwa hivyo kwa macho ni nzima kabisa.

Mafuta huja kwa njia ya vidole. Mtu amepaka maganda grisi, ameshika fataki, basi. Mzee alinifundisha kunawa kwa sabuni kabla ya kufungua boksi, na sikuwahi kumwuliza sababu.

31 Machi

Pasaka. Sikufanya kazi. Mgeni wetu, rafiki kutoka Bukavu, aliona maboksi kupitia mlango wa chumba cha nguo nilipotoa koti lake, akanivuta pembeni. "Ndugu yangu, unajiandalia vita?" Aliuliza kwa upole, na anayeuliza ni mtu aliyekimbia vita vya kweli. Nimemketisha nikamweleza.

Sababu ya mzee kuwa na nyingi ni uhaba wa 2020. Janga lilipoanza watu walinunua silaha kwa wingi, kiwanda cha Remington kikafilisika mwaka huohuo, na fataki zikatoweka rafuni. Tofali lililokuwa likiuzwa karibu dola 35 lilifika zaidi ya 100, pale lilipopatikana. Waliopitia kipindi hicho waliapa hawatakamatwa tena, wakawa wananunua kila wanapoziona. Hapo ndipo suala la kuhifadhi lilipogeuka kuwa la watu wengi: mtu aliyenunua 1,000 kwa mwaka na kuzimaliza hakuwa na haja ya kufikiria joto la dari.

Rafiki yangu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na ufunguo nani anao?" Nikamwambia mimi na mke wangu. Akatikisa kichwa, tukarudi mezani.

20 Aprili

Mbao. Kanuni inayotajwa kwa hifadhi ya namna hii ni mbao za unene wa inchi moja, na nilipofika dukani nilipima kwa futi yangu nikaona mbao inayoitwa ya inchi moja ina robo tatu tu. Fundi wa duka alinihakikishia kwamba ndivyo ilivyo: inchi moja ni jina la mbao kabla haijarandwa, na kanuni zinazungumzia jina. Nimenunua misonobari minane.

Kwa nini mbao na si chuma? Hapa ndipo watu wengi wenye nia njema hukosea. Wanachukua kasha la chuma la jeshi lenye mpira wa kuzuia hewa, au sefu ya bunduki, wanajaza fataki, wanafunga. Nyumba ikiungua, fataki zilizo kwenye maboksi yake ndani ya kabati la mbao zinapasuka moja baada ya nyingine, kama bisi, na mbao inazuia vikombe visiruke mbali. Ndani ya chuma kilichofungwa barabara, gesi inajazana bila pa kutokea mpaka chuma chenyewe kinapasuka. Wazima moto ndio watakaokuwa wamesimama mbele yake. Mbao pia haipitishi joto haraka, kwa hiyo inawapa dakika.

27 Aprili

Kabati limesimama. Rafu tatu, milango miwili, kufuli, matundu sita madogo nyuma ili lisibane hewa. Nimeunga kwa gundi na skrubu, na vichwa vya skrubu nimevizamisha na kuvifunika kwa vijiti vya mbao ili ndani kusiwe na chuma kilichotokeza. Liko kwenye chumba cha ndani cha ghorofa ya kawaida, ukuta usiopigwa na jua. Baruti haiingii humo. Ina sanduku lake, chumba kingine, na rangi na petroli za mashine ya kukatia majani ziko nje kwenye banda.

Babu hakuweka fataki na baruti nyumba moja. Baruti ilikuwa kwenye pembe ya ng'ombe ikining'inia chumbani, fataki kwenye kibuyu kidogo jikoni kwa bibi, pakavu, juu ya kinu kilichovunjika. Tulidhani anamficha bibi kitu.

Maboksi yote yameingia yalivyo, na karatasi zake. Hata lile lililobaki fataki 12 limebaki kwenye boksi lake. Sijahamisha kitu. Namba ya toleo iko kwenye boksi, na kiwanda kikitangaza kurudisha toleo lenye kasoro, asiye na boksi hana njia ya kujua. Isitoshe, nimeona maboksi ya Federal, mtengenezaji mwingine, ni makubwa mara dufu ya mengine kwa fataki zilezile 100, kwa sababu dawa yao ni nyepesi zaidi kuwaka na wameachanisha moja na nyingine zaidi. Boksi hilo ni sehemu ya usalama uliolipia.

18 Mei

Uwanjani, siku ya kwanza ya majaribio. Njia ni hii: ganda tupu, fataki tu, hakuna baruti, hakuna kichwa. Unapiga, unasikiliza, unaandika. Vifuniko vya masikio lazima, maana sauti ni kali kuliko unavyotegemea, na unasimama upepo ukitoka nyuma yako kwa sababu ule moshi una madini ya risasi. Isipolia, unabaki umeelekeza mtutu kule kule na kuhesabu sekunde 30 kabla ya kufungua.

Nilichukua 30 kutoka kila kundi, na 20 za lile boksi lililoanguka sakafuni.

Winchester za kwenye sanduku: 30 zimelia, sauti moja. Za trei za mbao, ambazo boksi lake limeandikwa kwa kalamu bei ya senti 79: 30 zimelia. Nilirudia kuhesabu maganda. Kila moja. Fataki ambazo huenda zinanizidi umri.

CCI za gereji: 26 zimelia sawa, mbili zimelia kwa unyonge kama mtu anayekohoa na kitambaa mdomoni, mbili kimya. Zile kimya nilizigonga mara ya pili zikalia vizuri.

Boksi la sakafuni: nilipofungua trei, vikombe vya safu mbili za chini vilikuwa na ukungu wa kijani kwenye ukingo. Katika 20, tisa zimelia, nne kwa unyonge, saba zimekufa hata kwa pigo la pili.

Naandika jioni hii kwamba joto la gereji limeziua zile mbili za CCI zilizogoma.

25 Mei

Mstari ule haukuwa sahihi. Fataki iliyokufa haiamki kwa pigo la pili. Inayoamka ilikuwa haijakaa vizuri: haikusukumwa mpaka mwisho wa kishimo chake, fuawe halikugusa sakafu ya ganda, na pigo la kwanza likatumika kuisukuma mahali pake badala ya kuibana dawa. Nilikuwa na haraka, watu walikuwa wakisubiri meza. Leo nimerudia 30 nyingine za gereji, kila moja nikiipitisha kidole kuhakikisha imezama kidogo chini ya usawa wa ganda. Zimelia zote 30. Moja kwa unyonge.

Kwa hiyo katika 60 za gereji, tatu dhaifu na hakuna iliyokufa. Na dhaifu ni mbaya kuliko iliyokufa. Iliyokufa unajua. Dhaifu inaweza kuwasha baruti nusu, kichwa kikakwama katikati ya mtutu, na mtu asiyesikiliza akapiga inayofuata nyuma yake. Nimeandika kwenye maboksi yote ya CCI: "GEREJI, MAZOEZI TU, SIKILIZA KILA MLIO." Hazitaenda porini.

Zilizobaki za sakafuni, 80, nimewapelekea wale wa ofisi ya pili kwenye boksi lake, baada ya kuwapigia simu kwanza.

Jambo dogo nililoliona: ukipiga fataki bila baruti, inarudi nyuma na kutokeza kidogo kwenye ganda, kwa kuwa hakuna msukumo wa kulirudisha ganda likaifunika. Mara ya kwanza niliogopa kwamba bunduki imeharibika.

27 Julai

Vipima unyevu viwili vimekaa miezi miwili. Chini ya nyumba leo: asilimia 74. Ndani ya kabati: asilimia 52, joto nyuzi 23. Chini ya nyumba panahisi baridi na salama, na ndiyo maana kila mtu huweka vitu huko, lakini kiangazi cha Ohio ni kizito kama Machi ya Dar. Hewa ya nje yenye mvuke inashuka kule, inapoa, inalowanisha kila kitu. Ningeziweka pale kwa baridi yake ningezipoteza kwa maji yake.

Nimeongeza vipakiti vya jeli ya silika, kimoja kila rafu, ingawa kwa asilimia 52 sidhani vinahitajika.

Mwanangu mkubwa, miaka 11, ameuliza kuna nini ndani. Nimemfungulia. Amesimama hatua mbili nyuma na mikono mgongoni bila kuambiwa. Nimemwonyesha boksi moja, nimemweleza kwamba akidondosha moja anamwita mkubwa, haiokoti wala haipitishii mashine ya kufyonza vumbi, kwa sababu ndani ya mashine ile inaweza kugongwa ikalipuka. Ameuliza kama babu yake mkuu alikuwa na kabati. Nikamwambia alikuwa na kibuyu.

7 Desemba

Wiki ya bunduki. Siku tano bila kuona kulungu hata mmoja wa kupigwa, leo alasiri akatoka dume wa mkia mweupe ukingoni mwa shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Bunduki ya mzee, ganda lake, fataki ya trei ya mbao. Imelia. Nyama ya paja nimempelekea mama mjane. Nilimwambia iliwashwa na fataki iliyonunuliwa kwa boksi la senti 79, akacheka, akasema duka lile lilifungwa kabla hawajaoana.

5 Januari 2025

Msimu wa bunduki za kushindilia. Umebaki mkebe wa bati wa CCI namba 11, kitu pekee ambacho sikuwa nimekijaribu. Nimeazima bunduki uwanjani. Mkebe una kutu kidogo kwenye ukingo, ndani vikofia ni vikavu na vinang'aa. Nimeweka kimoja juu ya chuchu ya bunduki bila baruti, nimekiminya kwa kijiti ili kikae, nimevuta nyundo. Kimelia. Cha pili kimelia. Cha kumi kimelia, na harufu iliyobaki hewani ni ya jikoni kwa bibi, siku babu aliporudi kutoka kufukuza nguruwe mihogoni.

Nimefunga mkebe, nimeandika juu yake "10 zimejaribiwa, 10 nzima", na tarehe. Umekwenda rafu ya juu, kushoto.